Mawe Niliyoyapaka Chokaa

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuchangisha kwa ajili ya shule lilikuwa kuosha mawe. Niliyaosha vizuri. Natangulia kusema hivyo kwa sababu wanaosimulia jambo hili husema niliyamwagia maji tu, na si kweli. Niliyasugua kwa brashi, yale yenye kutu nikayarudia mara ya pili, kisha nikayapaka chokaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwalimu wa kujitolea katika shule ya msingi iliyo pembezoni mwa Nyamwaga. Kujitolea maana yake wazazi walinilipa walipovuna, na mara nyingi walinilipa kwa kile walichovuna. Nilizaliwa Itiryo, kwa wakulima, na kidato cha nne nilipata matokeo ambayo mpaka leo sijamwonyesha mtu. Baada ya hapo nilijisomea mwenyewe. Nilinunua vitabu mnadani, vile vinavyouzwa chini kwenye turubai pamoja na viatu vya mguu mmoja mmoja. Vingi vilikuwa vimechanika kurasa za mwisho, kwa hiyo kuna mada za hisabati ambazo najua mwanzo wake tu.

Kujisomea kulinipa mwandiko mzuri na tabia moja mbaya: sikuuliza. Anayejifunza peke yake anazoea kutafuta jibu kimya kimya, na akilikosa anajitungia. Niliogopa swali kuliko nilivyoogopa kukosea. Mtu akikosea anaweza kusema aliteleza, lakini akiuliza ameshakiri kwamba hajui. Nilikuwa na maumivu ya tumbo yaliyokuja kila nilipopewa kazi yoyote ya mbele za watu, na nilipewa kazi hizo mara kwa mara kwa sababu ya mwandiko.

Nilikuwa naishi kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alikuwa anauza ndizi kwa jumla, anazipeleka mpaka Sirari, na alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya shule. Aliniweka kuwa katibu. Sikuomba, wala yeye hakueleza sababu. Alisema tu mbele ya kikao, "Huyu ataandika," nami nikaanza kuandika.

Kazi ya kamati ilikuwa moja. Wananchi walikuwa wamejenga maboma mawili ya madarasa, yaani kuta tupu bila paa. Tofali zilikuwa za kuchoma, lakini zilikuwa zimeunganishwa kwa udongo badala ya saruji, kwa sababu saruji ilikuwa imeishia kwenye msingi. Kuta za namna hiyo zikifunikwa zinadumu. Zisipofunikwa, masika inazilainisha na zinalala chini. Tulikuwa tunalijua hilo kwa sababu mwaka uliotangulia boma jingine lilikuwa limelala hivyo hivyo, na wanafunzi wa darasa la kwanza waliendelea kusomea kwenye varanda ya ofisi ya mwalimu mkuu, migongo yao imeelekea mvua. Mbao wazazi walikuwa wameshatoa. Tulichokosa ni bati. Ilikuwa lazima zipatikane kabla ya masika.

Mwaka huo ndipo dhahabu ilipotoka katika kilima cha ng'ambo ya bonde letu. Wachimbaji waliuita rashi, yaani mkimbilio wa dhahabu. Watu walikuja kutoka kila upande, na baadhi yao walikuja na watoto, na watoto waliletwa shule. Darasa la kwanza likawa halienei kwenye varanda. Kwa hiyo shangazi alisema, na kikao kikakubali, kwamba wanaotuongezea watoto watuongezee na bati.

Tatizo ni kwamba mchimbaji hana fedha. Ana mawe. Anayatoa kwenye duara, yaani shimo lake, anayatia kwenye viroba, anayapeleka kwenye karasha kusagwa, kisha unga wake unaoshwa mwaloni, yaani kwenye dimbwi la kuoshea, na hapo ndipo anapojua kama wiki mbili zilizopita alikuwa anafanya kazi au anajichosha. Kabla ya hapo ukimwomba mchango atakuambia njoo baadaye, naye hakudanganyi. Ndipo kikao kikaamua wachangie mawe yenyewe. Kila duara lilete viroba linavyoweza, tuyakusanye shuleni, siku ya harambee mgeni rasmi ayaone, kisha kamati iyapeleke karashani.

Uamuzi huo niliuandika mimi, kwa herufi zinazolingana. Niliuelewa kwa kiasi ambacho mtu anaielewa sentensi baada ya kuiandika mara tatu.

Mawe yakaanza kuja kwa pikipiki. Wachimbaji waliyamwaga nyuma ya maboma na kuondoka na viroba vyao, maana viroba walikuwa wanavihitaji. Aliyeleta mengi zaidi alikuwa mwenye duara mmoja mwenye sauti kubwa, ambaye kila alipomwaga alisimama kidogo na kuyatazama kama mtu anayeacha watoto kwa ndugu. Watoto wake wawili walikuwa darasa la kwanza.

"Mwalimu," aliniambia, "hapa pana paa la mbele na la nyuma. Unaliona?"

Nilisema naliona. Nilichokuwa naona ni lundo la mawe machafu, mekundu kwa matope, hayalingani ukubwa, yamezungukwa na vumbi na vipande vipande. Shule ilikuwa inasubiri mgeni rasmi na nyuma yake pana kitu kama nyumba iliyobomoka.

Hapa lazima nieleze habari ya Ikoma. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikwenda Serengeti kumtembelea kaka yangu, aliyekuwa anafanya kazi ya jikoni katika loji ya Ikoma, karibu na lango la hifadhi. Nilikaa siku nne. Siku ya tatu nilipita kwenye shule moja ya huko, nikasimama. Madarasa yalikuwa na paa jipya, madirisha yalikuwa na vioo, tangi la maji lilikuwa juu ya mnara wake, na kutoka barabarani mpaka ofisini palikuwa na njia iliyonyooka, pembeni yake mawe yaliyopakwa chokaa, yamepangwa kwa umbali ulio sawa. Niliipima kwa hatua zangu. Kaka aliniambia wageni wa loji huenda pale wakaacha michango.

Mtu mwingine angesema shule ile inapata michango kwa sababu iko jirani na loji. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa nimeshajua sababu ni mawe.

Wiki ya harambee shangazi alikwenda Sirari kwa siku kadhaa, kuuza ndizi na kumfuata mgeni rasmi, ambaye alikuwa shemeji yake. Shemeji huyo alikuwa na duka la mbao na bati upande wa Kenya. Shangazi alipoondoka aliniachia agizo moja: "Pale pawe safi." Nililichukua agizo hilo kama lilivyo. Kipindi cha kazi za mikono niliwatoa wanafunzi wa darasa la sita na la saba wachote maji mtoni. Nikawagawa: wa kuosha, wa kusuuza, wa kubeba. Kusugua mawe yenye kutu sikumwachia mtu, nilifanya mwenyewe, kwa sababu wao waliacha michirizi. Yale makubwa tuliyapanga kutoka barabarani mpaka ofisini, pande mbili, kwa kamba. Ya kati tuliyazungushia mlingoti wa bendera. Madogo yalitosha kuandika neno KARIBU mbele ya ofisi, na herufi ya R niliibomoa nikaipanga upya kwa sababu mguu wake ulikuwa umetanuka.

Kisha tukapaka chokaa.

Pale nyuma ya maboma yakabaki matope mekundu na vumbi. Nililionea aibu vumbi lile. Nilisimamia lizolewe kwa koleo na kumwagwa kwenye migomba ya shule, kando ya jiko la uji, pamoja na maji yote tuliyooshea. Halafu pakafagiliwa mara mbili, ili mistari ya fagio ielekee upande mmoja.

Mwalimu mkuu alitoka ofisini, akaitazama njia. Alikuwa na siku nyingi hajapita nyuma ya maboma, alikuwa na ripoti za kuandika. Aliweka mikono kiunoni.

"Sasa hii," alisema, "hii ni shule."

Kama kuna siku tumbo halikuniuma mwaka ule, ni hiyo.

Siku ya harambee watu walijaa. Mgeni rasmi alikuja amevaa koti, akashuka kwenye gari mwanzoni mwa njia, akatembea taratibu katikati ya mawe meupe, shangazi kushoto kwake. Nilimwangalia shangazi usoni nione kama amefurahi. Alikuwa anaongea na mgeni, hakutazama chini. Kwaya iliimba. Nikasoma risala. Katika risala nilikuwa nimeandika kwamba wachimbaji wa eneo letu, kwa moyo wa pekee, wametoa mawe yenye dhahabu, na kwamba mawe hayo yapo hapa shuleni. Nilisoma bila kukwama.

Mgeni rasmi alisimama. Alikuwa mfupi, mcheshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule.

"Mimi sina maneno mingi," alisema. "Huyu shemeji yangu amenisumbua tangu mwaka jana, na mimi nimechoka kusumbuliwa. Sasa sikiza. Hizo mawe zenu zikinunua bati moja, na mimi naleta moja. Zikinunua mia, naleta mia. Si hiyo ni haki?"

Watu walipiga vigelegele. Nilifanya hesabu palepale: chochote kitakachotoka kwenye mawe kilikuwa kimekuwa mara mbili. Mwenye duara yule mwenye sauti kubwa aliruka kwenye benchi.

"Tata, njoo uone mwenyewe!" alimwambia mgeni, akimwita baba kwa lugha ya huku. "Njoo uone mzigo!"

Akamshika mkono, wakaenda nyuma ya maboma, na mkutano mzima ukawafuata. Mimi nilifuata nyuma kabisa. Nilipofika walikuwa wamesimama mbele ya uwanja mtupu, uliofagiliwa, mistari ya fagio imeelekea upande mmoja.

"Mawe yako wapi?" aliuliza mwenye duara.

Watu wakanifungulia njia. Nikasema, "Yapo."

"Yapo wapi?"

"Mmepita katikati yake."

Aligeuka polepole kutazama njia ya kuingilia. Kutoka pale ilionekana vizuri, nyeupe, imenyooka. Alikwenda mpaka kwenye jiwe la kwanza, akachuchumaa, akakwangua chokaa kwa kisu.

"Hili langu," alisema. "Hili nalijua kabisa. Nani amelipaka?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa usafi," nilisema.

Kisha akainua kichwa, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Na unga wake, mwalimu?"

"Unga gani?"

"Uliokuwa chini. Ule mwekundu."

"Vumbi?"

"Usiite vumbi. Dhahabu ya kilima hiki inakaa kwenye kutu na kwenye unga. Jiwe ni nyumba yake tu. Unga uko wapi?"

"Kwenye migomba."

Mgeni rasmi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta wa boma.

"Wacha!" alisema. "Nimeona watu wakichimba dhahabu. Kupanda, hii ndiyo mara ya kwanza."

Wote wakacheka, isipokuwa mwenye duara, mwalimu mkuu, shangazi na mimi. Mchimbaji mmoja akasema chokaa inaua dhahabu. Mwingine akasema hapana, chokaa inaizubaisha tu. Mwanamke mmoja akauliza kama ndizi za mwaka huu zitauzwa kwa gramu. Wachimbaji wawili walianza kubishana kuhusu herufi ya K, kila mmoja akisema ni mawe yake.

Shangazi alirudi mbele, akasimama pale meza ilipokuwa.

"Kaeni," alisema. "Mawe yamepakwa chokaa, hayajafa. Tunaendelea. Anayetaka kucheka achangie kwanza."

Watu walikaa. Aliuza jogoo, akauza mikungu mitatu ya ndizi na kuwakumbusha wanunuzi kwamba hiyo inatoka shambani kwake, haina kitu ndani. Mimi niliandika majina na ahadi. Mwandiko wangu wa siku ile unatazamika mpaka leo, na sielewi mkono ulipata wapi utulivu.

Jumatatu tuliyakusanya mawe yote, yale ya KARIBU pia, tukayapeleka karashani. Mwenye karasha aliyaona yanavyoshushwa, meupe, akauliza kama tumebomoa kanisa. Hakudai fedha. Alikubali kubaki na marudio, yaani ule mchanga unaobaki baada ya kuoshwa, kama ilivyo desturi yao. Shangazi aliweka sharti moja, kwamba hakuna mwanafunzi atakayekanyaga pale, kwa sababu ya zebaki inayotumika kukamatia dhahabu. Nilikwenda mimi na mwenye duara. Tulikaa juu ya gogo tangu asubuhi tukisikiliza mashine. Unga ulitoka na weupe ndani yake, kama unga wa mahindi uliochanganywa na matofali.

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nimeandaa na majibu. Yeye alinunua mihogo ya kukaanga, akanigawia nusu.

"Kwenu Itiryo hamna mawe?" aliuliza.

"Yapo. Tunayatoa shambani."

"Mnayafanyia nini?"

"Tunayaweka mpakani."

Alimaliza muhogo wake. "Hukumwuliza mtu," alisema.

"Hapana."

"Ningekuambia. Mimi naongea sana, kila mtu analalamika. Ungeniuliza tu."

Kilichotoka mwisho wa siku kilikuwa kidogo kuliko kucha ya kidole changu cha mwisho. Mnunuzi alikipima, akataja bei, mwenye duara hakubishana. Nilikuwa sijawahi kumwona habishani. Kilinunua bati za nusu ya chumba kimoja. Mgeni rasmi alitimiza neno lake, akaleta nusu nyingine kwa gari lake mwenyewe. Tukawa na paa la chumba kimoja, na fundi akaanza kupiga misumari.

Chumba cha pili kilikuwa kwenye migomba.

Shangazi alitaka udongo wa pale uchimbwe uoshwe. Mwalimu mkuu hakutaka shimo ndani ya shule. Alisema akitokea mkaguzi akakuta mwalo kando ya jiko la uji, yeye ndiye atakayeandika maelezo. Walibishana Jumanne mchana kutwa, ofisini, dirisha likiwa wazi, na kijiji kikasikia kila neno. Walikubaliana kwamba jambo hilo litapelekwa kwenye kikao cha Ijumaa.

Jumatano asubuhi nilifika shuleni wa kwanza, kama kawaida yangu, nikakuta migomba imelazwa pembeni, kwa heshima, majani yote upande mmoja. Mahali pake palikuwa na shimo la kuingia mtu mpaka kifuani. Udongo haukuwepo. Hata wa kandokando ulikuwa umekwanguliwa. Palikuwa na alama za nyayo za watu wazima wengi, na alama za ndara za mtu mmoja, ambazo nilizifahamu, kwa sababu yeye ndiye aliyeniuzia ndara zangu.

Sasa nikiri kitu ambacho sikumwambia shangazi. Nilifurahi. Kama udongo ule ungeoshwa na kamati, tungeona dhahabu imetoka kiasi gani, na kila mtu angejua nilikuwa nimemwaga kiasi gani. Udongo ukipotea, hasara yangu inabaki bila kipimo. Nilisimama kando ya lile shimo nikiwa na furaha ya namna hiyo, na nyuma yangu darasa la kwanza walikuwa wanafika na kukaa kwenye varanda.

Watu walitaka mkutano wa kijiji uitwe, wazee waapize waliochukua. Kwetu jambo hilo si la mchezo. Mtu akiapizwa hadharani, ng'ombe wake akiugua mwaka unaofuata hatahitaji kuelezwa. Mkutano uliitwa jioni hiyo hiyo. Wazee walikuja na viti vyao. Nilimwona mwuza ndara amekaa nyuma, anatazama miguu yake. Mwenye duara alikuwepo pia, amekaa mbele.

Shangazi aliwasalimu wazee shikamoo, mmoja mmoja, kisha akaomba kusema kabla yao.

"Nimekuja kushukuru," alisema. "Nasikia kuna waliojitolea kwenda kuosha udongo wa shule kwa niaba yetu. Ni kazi ngumu ile. Kamati ilikuwa imekosa watu, kumbe watu wapo. Sitaki majina yao, maana mtu akitaja jina lake kwenye jambo jema anaharibu. Nawaambia tu kwamba shule haili dhahabu. Wakishamaliza kuosha, walete bati. Ukuta wa boma ni mrefu, waziegemeze pale. Katibu, andika hivyo."

Niliandika hivyo.

Mzee mmoja aliuliza, "Sasa sisi tumekuja kufanya nini?"

"Kusubiri, baba," alisema shangazi. "Tumpe kila mtu nafasi mpaka Jumamosi. Baada ya Jumamosi mtafanya yenu."

Bati ya kwanza ilionekana Alhamisi. Ilikuwa mpya. Ijumaa zikaja nyingine, mbili mbili, tatu tatu, zimeegemezwa ukutani wakati hakuna anayetazama, na kijiji kizima kilijitahidi kutotazama. Mwuza ndara alipita na mkokoteni uliofunikwa turubai, akanisalimia kwa sauti kubwa akitazama upande mwingine. Zilikuja na za zamani. Moja ilikuwa na matundu ya misumari na alama ya moshi, ilikuwa imetoka kwenye jiko la mtu. Jumamosi jioni nilizihesabu. Nilizihesabu tena, kisha nikarudi nyumbani kumwambia shangazi kwamba tukiongeza na za mgeni rasmi tunafunika chumba cha pili, isipokuwa upande mmoja.

Shangazi alimpigia simu shemeji yake. Aliweka sauti juu ili nisikie.

"Hata hii yenye matundu nihesabu?" mgeni aliuliza.

"Ulisema bati kwa bati, shemeji."

"Sawa. Hiyo ya matundu nitatafuta mwenzake."

Alitafuta kweli. Mzigo wake ulipokuja, bati moja ilikuwa imekunjwa pembe na ina tundu la kupita kidole. Alikuwa ameiandikia kwa chaki: ya kupanda.

Fundi alifunika chumba cha pili mpaka bati zilipokwisha. Upande wa magharibi ulibaki wazi, upana wa madawati mawili. Tulifunga turubai. Tulikuwa tunahitaji bati chache sana, na nilijua kwa hakika zilipo: ziko kwenye brashi yangu, kwenye ndoo za kusuuza, kwenye kutu niliyoirudia mara ya pili. Niliomba kwa wazazi, waliniambia wameshatoa. Nilimwendea mwenye duara, shimo lake lilikuwa limejaa maji ya ardhini. Nilitoa mahindi yangu ya mwezi ule, nikanunua bati mbili. Mgeni akaleta mbili. Hazikutosha.

Masika ilikuja usiku nikiwa nimelala. Siku ya nane turubai lilichanika, siku ya kumi ukuta wa magharibi ulilala. Ulilala wakati wa mapumziko, kuelekea nje, taratibu, bila kumgusa mtu. Kuta tatu zilibaki zimesimama na paa lake.

Nilikwenda nikasimama kwenye tope. Tumbo lililokuwa linaniuma tangu harambee lilitulia, kwa sababu nililokuwa naliogopa lilikuwa limeshatokea na kila mtu alikuwa analitazama. Nililia, lakini kwa utulivu.

Shangazi alifika akiwa amejifunika mfuko wa nailoni kichwani. Aliutazama ukuta, akanitazama mimi.

"Umemaliza?"

"Bado kidogo."

Alingoja. Kisha akasema, "Tofali nzima zitenge na zilizovunjika. Zipange pale kavu." Alianza kuondoka, akageuka, akaniita kama kijana yeyote wa kwetu. "Wewe mura. Usizioshe."

Mwenye duara alikuja kusaidia, na mwuza ndara pia, pekupeku. Tulizipanga tofali mpaka saa ya uji. Kwa miezi mingi baada ya hapo, nikipita sokoni, lazima mtu amwulize mwenzake kwa sauti bei ya chokaa, na mwenzake ajibu inategemea na dhahabu iliyomo.

Ukuta wa magharibi ulijengwa upya kiangazi kilichofuata, kwa saruji, na darasa la kwanza sasa wanasomea ndani, vyumba vyote viwili. Mimi bado ni katibu. Tumbo bado linaniuma. Kabla ya kufanya jambo lolote la shule ninauliza watu wawili, mmoja wao akiwa ni mwenye duara, ambaye hujibu kwa urefu kuliko ninavyohitaji. Njia ya kuingilia shuleni haina mawe pembeni. Imeota majani, na wageni wakija wanapita juu yake.